Simile! Haki ya Njia na Haki ya Aendaye kwa Miguu

Ndugu msomaji, katika miji yetu ya pwani hakuna mtoto aliyekulia mtaani asiyelijua neno "simile". Hamali aliyeuinamia mkokoteni huliita, mwenye punda wa mchanga huliita, mchukuzi mwenye gunia kichwani huliita, na watu hujibana ukutani apite. Wakiwa wengi huambiwa "simileni". Wataalamu wa lugha hulihusisha neno hili na Bismillahi. Yaani mwenye mzigo hulitanguliza jina la Mola wake kabla hajapita penye viumbe vyake.

Wengi wetu tumelichukulia kuwa ni adabu tu ya njiani, nayo adabu mtu akiiacha huambiwa hana malezi na yakaishia hapo. Lakini nyuma ya adabu hii pana hukumu ya sheria, hukumu iliyoandikwa na kusomeshwa karne nyingi kabla ya gari la kwanza kuundwa. Hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame pamoja. Kwani leo majeneza yanatoka barabarani moja baada ya jingine, mtoto aliyekuwa akienda chuoni, mama aliyekuwa akitoka sokoni, mzee aliyekuwa akirudi msikitini, na watu hurudi makaburini wakisema "ni kadari", wakaona kwamba neno hilo limemaliza kila kitu. Je, limemaliza? Wanavyuoni wetu wa zamani hawakuona hivyo.

Tuanze na kitabu kinachojulikana na kila aliyesoma elimu ya fiqhi katika pwani hii, nacho ni Minhaj cha Imam Nawawi (Rahimahullahu), mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na mwaka 1277. Sisi wa madhehebu ya Shafii tumekitegemea kitabu hiki vizazi kwa vizazi; makadhi wamehukumu kwacho, na hata Waingereza walipotaka kujua Waislamu wanahukumiana vipi walikitafsiri kwa lugha yao, tafsiri iliyochapishwa London mwaka 1914. Humo, karibu na mwisho, mna maneno juu ya mtu anayepita njiani na mnyama.

Hukumu yenyewe ni hii. Mwenye kufuatana na mnyama, amempanda au anamswaga, ni juu yake kulipa kinachoharibiwa na mnyama huyo, iwe ni nafsi ya mtu au mali, iwe usiku au mchana. Ajiepushe na mambo yasiyo ya kawaida, mfano kumtimua mbio kali penye matope. Akifanya hivyo, lolote litakalozalikana ni juu yake. Kisha Imamu anamleta mtu aliyebeba kuni, mgongoni mwake au juu ya mnyama. Akiingia nazo sokoni nako kuna msongamano, na mtu au mali ikadhurika, atalipa. Ikiwa hakuna msongamano na nguo ya mtu ikararuka, halipi, kwa sababu mwenye nguo alikuwa na nafasi ya kujitenga. Isipokuwa watu wawili: kipofu, na yule aliyempa mnyama mgongo. Hao ni wajibu kutanabahishwa. Asipowatanabahisha, atalipa.

Msomaji, soma tena habari ya hao watu wawili, kwani ndani yake mna elimu kubwa. Kipofu haoni. Aliyegeuka mgongo naye, kwa wakati ule, ni kama kipofu. Sheria haikumwambia kipofu akae nyumbani, wala haikumlaumu aliyegeuka mgongo kwamba mbona hukutazama nyuma. Mzigo wa kutanabahisha umewekwa juu ya yule aliyeileta hatari njiani. Hamali wa Mombasa au Unguja anapoita simile, ajue au asijue, anautekeleza wajibu ulio katika kitabu.

Wala mnyama hakuwa mfano pekee. Wanavyuoni wameipokea hadithi sahihi ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) amemuamrisha apitaye misikitini au sokoni na mishale aishike kwa vichwa vyake, ili asimjeruhi Muislamu yeyote. Tazama ilivyo hukumu hii: mshale haukukatazwa, na mwenye mshale ana haja zake. Ila ncha ikae mkononi mwake mwenyewe.

Ama wenye dola ya Uthmania, wao ni wa madhehebu ya Hanafi, na walipokusanya hukumu zao katika Majalla, kitabu kilichokamilika mwaka 1876, waliiweka kanuni hii kwa uwazi kabisa: kila mtu ana haki ya kupita katika njia ya watu wote kwa sharti la salama, yaani kwa sharti la kutomdhuru mwengine katika jambo ambalo mtu anaweza kujihadhari nalo. Mzigo wa mchukuzi ukianguka ukaharibu mali ya mtu, atalipa. Aliyepanda mnyama halipi vumbi wala tope lililoruka likachafua nguo, kwa kuwa hilo halina hila. Lakini mnyama akigonga kwa kichwa au akikanyaga kwa miguu ya mbele, atalipa, kwani huko mbele ndiko anakotazama na hatamu iko mkononi mwake. Na mtu hana haki ya kumsimamisha mnyama wake wala kumfunga katika njia ya watu. Ningependa sana wenye kuegesha magari juu ya njia za miguu, wakawalazimisha kina mama na watoto kushuka barabarani, wasomewe kifungu hicho.

Sasa tuigeukie njia yenyewe. Imamu Bukhari amepokea kwamba watu walipogombania upana wa njia, Mtume (S.A.W.) alihukumu iwe dhiraa saba, kiasi cha mita tatu na nusu hivi. Na katika mlango wa suluhu, Minhaj inasema kuwa katika njia ipitayo watu wote haijuzu kufanya jambo linalowadhuru wapitao. Mtu akitoa ubao au chumba juu ya njia, akiinue hadi mpita njia apite chini yake amesimama wima; na ikiwa ni njia ya misafara, hadi ngamia apite na machela yake juu. Mwenye kuzijua Lamu na Pate atakumbuka wikio, vile vyumba vinavyovuka juu ya vichochoro kutoka ukuta hadi ukuta. Chini yake watu hupita kichwa juu. Waashi wale walikuwa na kipimo chao, na kipimo hicho ni kichwa cha mwenda kwa miguu.

Hapa patatuuma kidogo. Kitabu hicho hicho kimeharimisha kujenga kikalio cha mawe au kupanda mti katika njia ya watu wote, ingawa iko kauli kwamba inajuzu maadamu haidhuru. Na sisi mabaraza ndiyo maisha yetu! Hakuna nyumba kongwe isiyo na baraza, na juu yake ndiko tulikojifunza habari za dunia, na pengine za majirani kuliko inavyopasa. Tukishikamana na kauli ile ya pili, basi na sharti lake tulishike. Hadithi mashuhuri ya Abu Said al-Khudri inalieleza jambo hili. Mtume (S.A.W.) aliwahadharisha masahaba na kukaa njiani, wakasema hawana budi, hapo ndipo wanapozungumza. Akawaambia basi njia waipe haki yake. Walipouliza haki yake ni nini, aliwatajia kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitika salamu, na kuamrisha mema na kukataza maovu. Tangu hapo tuna jina hili, haki ya njia, nayo ni haki ya anayepita juu ya anayekaa.

Fiqhi ililifuata jambo hilo hadi mwisho wake. Mtu akijikwaa kwa aliyekaa au aliyelala njiani, mmoja wao akafa, na njia ni pana, hakuna malipo. Njia ikiwa nyembamba, aliyekaa au aliyelala damu yake haidaiwi, kwani amejiweka pasipostahiki. Aliyejikwaa ndiye mwenye haki. Lakini aliyesimama tu hakuhesabiwa kama aliyekaa. Kwa nini? Kwa sababu kusimama ni katika mahitaji ya mwenda njia: hupumzika, humngoja mwenziwe, hutua mzigo. Maganda ya tikiti nayo hayakusahauliwa. Mwenye kuyatupa njiani, au kutupa taka, na mtu akateleza, atalipa kwa kauli iliyo sahihi. Waliotunga sheria hii walikuwa ni watu waliotembea sokoni kwa miguu yao.

Basi hali ilikuwa hivyo: njia ni ya mtu kwa asili, na chochote kizito, chenye ncha au chenye kasi kiliingia kama mgeni aliyepewa ruhusa kwa sharti. Vipi basi yamegeuka, hata leo mwenda kwa miguu ndiye anayeonekana mgeni? Ili tujibu itubidi tutoke pwani kwa kitambo, twende Uingereza na Marekani, kwani magari na sheria zake yalitujia kutoka huko.

Waingereza wenyewe, mwanzoni, walikuwa na simile yao. Sheria yao ya mwaka 1865 iliamrisha kila gari la mashine liende mwendo usiopita maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mjini, na mtu atangulie mbele kwa miguu, umbali wa yadi 60, akishika bendera nyekundu. Watu wengi leo huicheka sheria hiyo. Mimi naona haikuwa ya kuchekwa. Ilikuwa imelegezwa tayari wakati, tarehe 17 Agosti 1896, mwanamke mmoja aitwaye Bridget Driscoll alipokuwa akitembea na binti yake katika viwanja vya Crystal Palace, London. Palikuwa na magari ya maonyesho yakiwapakia watu. Moja lilimgonga akafa. Alikuwa mwenda kwa miguu wa kwanza katika Uingereza kuuawa na gari la mafuta. Baraza la uchunguzi lilitoa uamuzi kwamba ni mauti ya bahati mbaya. Na hata miezi mitatu haijatimia, tarehe 14 Novemba mwaka huo huo, ilianza kutumika sheria mpya iliyoyaruhusu magari kwenda hadi maili 14 kwa saa, na mtu wa kutangulia mbele akaondolewa kabisa. Miaka mitatu baadaye, Septemba 1899, Henry Bliss aliteremka kutoka katika gari la abiria huko New York, akagongwa na teksi akafa, naye akawa wa kwanza katika nchi yake.

Marekani ndiko kwenye kisa cha kuzingatiwa zaidi. Magari yalipozidi na watoto wakawa wanauawa mbele ya milango yao, raia walikasirika. Katika mji wa Cincinnati, mwaka 1923, watu wapatao 42,000 walitia sahihi kutaka kila gari lifungwe chombo cha kulizuia lisipite maili 25 kwa saa, sawa na kilomita 40. Wauza magari walishtuka, wakatumia fedha na matangazo, na pendekezo lile likashindwa katika kura. Kisha wenye magari wakatambua kwamba dawa ni kuugeuza mjadala. Palikuwa na neno la dharau, "jaywalker", ambalo maana yake ni kama kusema mshamba asiyejua kutembea mjini. Likaenezwa magazetini na mashuleni, watu wakachekwa hadharani kwa kuvuka njia walizozivuka tangu utotoni. Mwaka 1925 mji wa Los Angeles ulitia katika sheria zake masharti makali juu ya wavukao, na miji mingine ikafuata. Basi kwa muda wa miaka kumi hivi, swali la "nani kaleta hatari?" lilibadilishwa likawa "wewe ulikuwa unafanya nini hapo?"

Sisi watu wa pwani tunaijua vyema nguvu ya neno "mshamba". Mtu huona afadhali agongwe kuliko aitwe hivyo.

Uingereza nayo ilipita katika mtihani wake. Mwaka 1930 iliufuta mpaka wa mwendo kwa magari madogo. Kufika mwaka 1934 watu zaidi ya 7,000 wakafa barabarani kwa mwaka mmoja, karibu nusu yao ni wenda kwa miguu. Waziri Hore-Belisha akaweka taa za rangi ya machungwa kuonyesha vivuko, mwaka 1935 mpaka wa maili 30 mijini ukarudishwa, na mwaka 1951 vivuko vikapakwa ile milia myeupe na myeusi tunayoiita zebra. Kuna jambo moja la kuliangalia hapa: milia ile ilipakwa ili dereva asimame. Haikupakwa ili mwenda kwa miguu aambiwe kwamba mahali pengine pote si pake.

Kwetu gari lilikuta miji iliyokwisha pimwa kwa punda na mwanadamu. Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na vigari vya reli vilivyosukumwa na watu, na abiria wakikaa chini ya kijipaa. Ndia Kuu, kama jina lake linavyosema kwa Kimvita, ndiyo iliyokuwa njia kubwa kuliko zote, nayo leo magari mawili hupishana kwa kuombana radhi. Lamu haikuwa na nafasi ya gari hata kidogo, na mpaka leo punda ndiye mbebaji wake mkubwa, ingawa pikipiki nazo zimeanza kuingia. Gari likatafutiwa barabara mpya, pana, za lami. Na pamoja na lami zikaja sheria za Kiingereza. Sheria ya Trafiki ya Kenya ilianza mwaka 1954, katika utawala wa kikoloni, nayo imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Tanzania Bara ilipitisha yake mwaka 1973. Zote mbili zinamfunga dereva kwa kilomita 50 kwa saa ndani ya miji, na zinamtaka ampishe aliye katika kivuko.

Twende taratibu hapa. Ukizisoma sheria hizi hutakuta mahali palipoandikwa kwamba barabara ni ya magari na mwenda kwa miguu anaazimwa. Dereva anawajibika kuendesha kwa kumjali kila anayeitumia njia, aliye ndani ya chombo na asiye. Akigonga ni lazima asimame, atoe jina na anwani yake, apige ripoti polisi. Kenya imempa muda usiopita saa 24. Gari haliruhusiwi kwenda barabarani bila ya bima ya mtu wa tatu, na huyo mtu wa tatu, msomaji, ni wewe uendaye kwa miguu. Mahkama ikiona mwenda kwa miguu naye alikosea, huigawa lawama kwa mafungu, haimnyimi yote kwa kosa la nusu. Hilo si geni kwa fiqhi: watu wawili wakigongana bila ya kukusudia wakafa, kila upande hudaiwa nusu ya dia ya mwenziwe. Na mtoto mdogo hahesabiwi akili ya mtu mzima, si katika kitabu wala katika mahkama za Kenya.

Kwa hivyo lililogeuka ni ndimi zetu na desturi zetu, kuliko sheria zilizoandikwa. Mtu akigongwa, swali la kwanza la walio barazani ni: alivukia wapi? Alikuwa anazungumza na simu? Mwendo wa gari hauulizwi. Wakati kilomita 50 kwa saa ni mita 14 kwa kila sekunde. Dereva akimwona mtoto na mguu wake ukachelewa sekunde moja kufika kwenye breki, gari limekwisha kula urefu wa nyumba nzima kabla hata halijaanza kupunguza. Kwa kilomita 80 ni mita 22. Honi nayo imekuwa simile iliyopotoka: hamali aliita huku akipunguza, dereva wa matatu au daladala anapiga huku akizidisha. Imamu Nawawi ametaja mtu aliyempigia kelele mtoto asiyepambanua, aliyekuwa kwenye ukingo wa sakafu ya juu, mtoto akaanguka akafa. Dia ni lazima. Sauti pia ni kitu cha kuulizwa.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote, zaidi ya nusu yao wakiwa ni wenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Katika Kenya kundi linalouawa zaidi kuliko mengine yote ni hao wenda kwa miguu. Wasiokuwa na gari ndio wanaokufa kwa magari.

Sasa turudi kwenye lile neno la makaburini. Kadari ni nguzo ya imani yetu na hakuna ajali isiyo katika elimu ya Mwenyezi Mungu. Lakini Mola huyo huyo, katika Suratun-Nisaa aya ya 92, ametaja kuua kwa kukosea, yaani bila ya kukusudia hata chembe, na hakusema kwamba yamekwisha. Ameweka mambo mawili: kafara, ambayo ni kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo, na dia ya kupewa watu wa marehemu, ila wakiifanya sadaka, yaani wakisamehe. Dia hii ilibebwa na jamaa za aliyeua, ikilipwa kwa miaka mitatu, ili isimvunje mtu mmoja na wala isimpotee aliyefiwa. Anayesema kadari inafuta dhima, basi na aseme aya hii imeteremshwa kwa ajili gani.

Tazama pia mpangilio wake. Haki inathibitishwa kwanza, msamaha ndio unafuata. Desturi mbaya iliyoingia ni kuanza na msamaha: mwenye gari huja siku ya pili ya matanga na gunia la mchele na bahasha, wazee wawili watatu humpokea, fatiha inasomwa, na mjane ndani hata hajui kwamba limesamehewa lililokuwa lake. Sisemi kwamba mchele ni mbaya. Nasema haukuwa fidia, na waliousamehe hawakuwa wenyewe.

Ama sisi tuendao kwa miguu, tusijione tumetolewa katika hesabu. Aliyekuwa na nafasi ya kujitenga akakataa, hana dai la nguo yake. Ndivyo kilivyosema kitabu. Pasipokuwa na njia ya miguu, tembea upande wa kulia ili uyaone magari yajayo mbele yako, maana kwetu magari hushika kushoto. Ukivuka tazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Usimtume mtoto wa miaka sita dukani kuvuka barabara ya lami peke yake. Dukani kutamngoja baba yake. Na liko jambo moja ambalo nadhani halisemwi vya kutosha katika nyumba zetu. Usiku wa Ramadhani, watu wakitoka tarawehe, kanzu nyeupe ya mume huonekana na dereva toka mbali, na buibui jeusi la mke halionekani mpaka gari limefika. Wanaume hutembea mbele wakizungumza, wanawake na watoto wanafuata gizani. Tochi ndogo mkononi mwa mama, au mtandio mweupe juu ya bega, haupunguzi stara yake hata kidogo. Na vijana wenye miguu mepesi wanaweza kusimama pale pa kuvukia mpaka wa mwisho apite, badala ya kukaa ukutani na simu zao. Kuondosha maudhi njiani kumetajwa na Mtume (S.A.W.) kuwa ni tawi la imani, la chini kabisa katika matawi yake, na mtu mmoja alisamehewa kwa ajili ya kijiti cha miba alichokisogeza.

Ikiwa limekwisha tokea, basi nyumba iliyofikwa isikae kimya kwa haya. Andikeni nambari ya gari na majina ya walioona, siku hiyo hiyo, kwani wiki ya pili watu husahau. Nendeni kituoni mpate karatasi ya ripoti ya polisi, ambayo ndani yake limetajwa shirika la bima. Aliyejeruhiwa apate na fomu ya P3 ijazwe na daktari. Makadhi wa Kenya, kwa katiba ya mwaka 2010, wana mamlaka ya ndoa, talaka, mirathi na hali za mtu, hawana ya ajali. Dai la fidia hupelekwa katika mahkama za serikali, nalo lina miaka 3 tu, tangu siku ya kuumia au ya kufa. Wengi wameukosa muda huo wakingojea ahadi ya mdomo.

Na mwenye gari akija matangani, akaribishwe, ale, asikilizwe, huenda naye halali usiku. Lakini asitake neno la msamaha kwa wazee wa barazani peke yao. Fidia ya marehemu hurithiwa kama mali yake nyengine, kwa mafungu yale yale: mjane ana lake, mama ana lake, watoto wana lao. Aliyebaleghe anaweza kulisamehe fungu lake akipenda. Fungu la yatima ami yake hawezi kulisamehe, hata akiwa yeye ndiye msimamizi wake.